Nimesamehewa, Mbona Bado Naogopa Kufa?

Tulikuwa tumemaliza kusoma Warumi 8. Mwenzetu aliyeshika Biblia alikuwa ameifunga akiwa ameacha kidole ndani, anangoja mtu aanzishe wimbo. Ndipo mgonjwa mwenyewe akasema kutoka kitandani: "Wanangu, hayo ya dhambi nimeyaelewa. Nimetubu, nimesamehewa, sina wasiwasi. Lakini mbona naogopa kufa?"

Hakuwa analia. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayetaka tu kujua.

Mwenzetu mwingine akamjibu papo hapo: "Mama, usikiri hivyo. Mtu aliyeokoka haogopi. Hofu ni ya yule mwovu." Tukaitikia amina, wengine kwa nguvu, wengine chini chini. Wimbo ukaanza. Mama akafumba macho, na swali lake hakulirudia.

Mimi ndiye niliyelibeba. Kwa wiki kadhaa nimelala nalo na kuamka nalo, kwa sababu jibu alilopewa lilinikera na bado nilishindwa kusema lina kasoro gani. Kwa juu juu linafanana kabisa na Injili. Hukumu ya adhabu haipo, mauti imeshindwa, sasa hofu inatoka wapi? Ukiwa huru, uko huru.

Au siyo?

## Tulivyovitenga

Nilipoanza kuyapitia akilini mahubiri niliyoyasikia tangu utotoni, niliona jambo ambalo sikuwa nimelitilia maanani. Dhambi tunawahubiria walio hai, na mauti tunaihubiri msibani. Mwito wa kutubu unahusu dhambi. 1 Wakorintho 15 tunaifungua jeneza likiwa mbele yetu. Mhubiri anayeyashika yote mawili katika ibada moja ni nadra kumpata.

Matokeo yake tumebaki na uhuru wa vipande viwili: kimoja cha leo, ambacho ni msamaha, na kingine cha upande wa pili wa kaburi, ambacho ni ufufuo. Hapo katikati, tangu siku ya kuokoka hadi siku ya kuzikwa, muumini ana hofu yake na hana andiko la kuishughulikia.

Paulo hakuvitenga. "Sheria ya Roho wa uzima ulio katika Kristo Yesu imeniacha huru, mbali na sheria ya dhambi na mauti." Anavitaja kwa pumzi moja, kama utawala mmoja. Na upande mmoja wa utawala huo tunaujua kwa moyo: mshahara wa dhambi ni mauti. Dhambi inatangulia, mauti inafuata.

Upande wa pili ndio tusiousema. Waebrania 2 inasema Kristo alishiriki damu na mwili ili kwa njia ya mauti amharibu Ibilisi, na "awaache huru wale ambao kwamba maisha yao yote kwa hofu ya mauti walikuwa katika hali ya utumwa."

Nimesoma mstari huo mara nyingi nikidhani unazungumzia wakati wa kukata roho. Hauzungumzii hivyo. Unazungumzia maisha yote. Kifo chenyewe huja mara moja. Hofu yake inatawala tangu sasa, inakaa katika maamuzi ya kila siku, na kwa mujibu wa andiko hili, ndiyo kamba anayoishika Ibilisi.

Ikiwa ndivyo, mauti haisubiri tu mwisho wa njia ya dhambi ili ilipwe kama mshahara. Iko pia mwanzoni mwa njia, inasukuma.

Waorthodoksi wameliimba jambo hili kila Pasaka kwa karne nyingi: Kristo ameikanyaga mauti kwa mauti yake. Sisi tuliolelewa katika mapokeo ya magharibi, Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja, tumeizoea zaidi lugha ya mahakama: hatia, hukumu, kuhesabiwa haki. Lugha zote mbili zimo katika Biblia na siitupi hata moja. Ila ukiwa na hiyo ya mahakama peke yake, yule mama huna la kumwambia. Kesi yake imekwisha, ameachiliwa, na bado anatetemeka.

## Ibrahimu anadanganya mara mbili

Nilitaka kuona kama hoja hii inasimama katika maisha ya watu. Nikaanza na baba wa imani.

Mwanzo 12: njaa imeingia, Abramu anashuka Misri na mkewe. Njiani anamwomba Sarai aseme kwamba ni dada yake, na sababu anaitoa mwenyewe: Wamisri watamwua yeye na kumwacha mkewe hai. Uongo huo unamfikisha Sarai katika nyumba ya Farao. Tamaa haimo humo, wala kiburi, wala hilo tunalopenda kuliita pepo la uongo. Kuna mwanamume anayeogopa kufa, naye anamtoa mke wake ili yeye abaki hai.

Sasa ruka hadi Mwanzo 20. Ni Gerari, kwa mfalme Abimeleki. Uongo ni ule ule na sababu ni ile ile: "wataniua kwa ajili ya mke wangu."

Kati ya hadithi hizo mbili kuna sura ya 15, na ndani yake ule mstari ambao Paulo anaujengea Warumi 4 nzima, kwamba Abramu alimwamini Bwana naye akamhesabia jambo hili kuwa haki. Tazama mpangilio wake. Uongo wa kwanza ulitokea kabla ya kuhesabiwa haki. Wa pili ulitokea baada.

Mtu ambaye Mungu mwenyewe alimhesabia haki alirudi kwenye dhambi ile ile, kwa sababu hofu iliyoizaa ilikuwa bado hai.

Nilipoliona hilo, nikaanza kuliona kila mahali. Yule tajiri wa Luka 12 aliyejenga ghala kubwa zaidi hakuwa na njaa. Alikuwa ananunua umbali kati yake na kifo, "akiba kwa miaka mingi," na usiku ule ule roho yake ikatakiwa. Kayafa, kuhani mkuu, anapotoa shauri kwamba mtu mmoja afe kwa ajili ya taifa, baraza lilikuwa limetoka kusema wanaogopa Warumi watakuja kuwaondolea mahali pao na taifa lao.

Sisemi kila dhambi hutoka hapo. Daudi juu ya dari ya nyumba yake hakuwa na hofu yoyote. Alikuwa na macho, na alikuwa na nafasi. Lakini ile barua kwa jemadari wake Yoabu, aliyompa Uria, mume wa mwanamke aliyemchukua, aipeleke kwa mkono wake mwenyewe, ya kuamuru Uria awekwe mbele penye vita vikali, iliandikwa na mtu mwoga. Daudi hakuogopa kaburi. Aliogopa kifo cha jina lake.

Nacho ni kifo. Nitakirudia.

## Usingizi wa Petro

Nilipofika kwa Petro ndipo hoja ilipogeuka ndani yangu.

Usiku wa kukamatwa kwa Yesu, Petro ametamka kwa kinywa chake: "Bwana, niko tayari kwenda pamoja nawe gerezani au hata kifoni." Saa chache baadaye, mbele ya moto uani, swali la kijakazi linamtosha. Anakana. Dhambi ya Petro usiku ule ina mzazi mmoja tu, na tunamjua.

Sasa fungua Matendo 12. Herode amemwua Yakobo, ndugu yake Yohana, kwa upanga. Ameona Wayahudi wamependezwa, akamkamata na Petro pia. Ni usiku wa mwisho kabla ya kutolewa mbele ya watu. Luka anaandika kwamba Petro "alikuwa amelala katikati ya askari wawili, hali amefungwa minyororo miwili."

Amelala.

Na hakuwa amesinzia tu. Malaika anaingia, nuru inamulika chumbani, na Petro hana habari. Inabidi apigwe ubavuni ndipo aamke. Nilicheka niliposoma hapo, kisha nikanyamaza. Tumezoea kuihubiri sura hii kwa sababu ya minyororo iliyoanguka. Muujiza ninaouona mimi ulitangulia kabla malaika hajafika. Mtu aliyekuwa huru mwili uani, akiota moto, alikuwa mtumwa. Mtu yule yule akiwa na minyororo miwili na hukumu ya asubuhi alikuwa amelala fofofo.

Na hapo hapo kuna jambo ambalo wahubiri wengi huliruka. Yakobo hakutolewa. Kanisa lile lile, Mungu yule yule, sura ile ile, naye amepewa mstari mmoja tu: akauawa kwa upanga. Luka hafafanui kwa nini mmoja alifunguliwa na mwingine akazikwa. Uhuru unaohubiriwa kama hakikisho la kuponyoka hauwezi kuivuka Matendo 12:2. Ama Yakobo hakuwa huru, jambo ambalo hakuna Mkristo atakayelisema, ama uhuru wenyewe uko mahali pengine tofauti na pale mlango wa gereza unapofungukia.

Nimfikirie na Lazaro kidogo. Yohana 12 inasema wakuu wa makuhani walifanya shauri wamwue naye pia, kwa kuwa watu wengi walikuwa wakimwamini Yesu kwa sababu yake. Kumtishia kifo mtu aliyekwisha kuzikwa siku nne! Ningependa kuwapo siku ambayo vitisho hivyo vilimfikia.

## Machozi ya Gethsemane

Lakini mama yule hakuwa Petro wa Matendo 12. Usingizi hakuwa nao. Je, mwenzetu alikuwa na haki basi, kwamba hofu yake ilionyesha kasoro katika wokovu wake?

Hapa nilikwama kwa muda mrefu. Kama hofu ya mauti ndiyo utumwa, na yeye anaogopa, hesabu inaonekana imekamilika.

Waraka ule ule wa Waebrania ndio ulionikwamua. Sura tatu tu baada ya kutangaza kwamba Kristo alikuja kutuweka huru na hofu ya mauti, mwandishi anasema kuhusu huyo huyo Kristo kwamba alimtolea awezaye kumwokoa katika mauti "maombi na dua pamoja na kulia sana na machozi." Marko anaeleza alivyofika Gethsemane akaanza kufadhaika sana na kuhangaika, akawaambia wanafunzi: "Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa."

Sasa chukua sentensi ya mwenzetu uipeleke Gethsemane. "Usikiri hivyo. Hofu ni ya yule mwovu." Nani atathubutu kumwambia Yesu maneno hayo?

Kuogopa na kuwa mtumwa wa hofu ni mambo mawili. Mtumwa ni yule ambaye hofu ikisema "kana," anakana. Ikisema "mtoe mkeo," anamtoa. Ikisema "mwandikie Yoabu barua," anaandika. Yesu aliogopa, akalia, akaomba kikombe kiondoke, kisha akainuka na kwenda kuwakabili waliokuja kumkamata. Hofu ilikuwapo. Iliyokosekana ni amri yake.

Nimepata shahidi mwingine, mwanamke kijana aliyeitwa Perpetua. Aliuawa Karthago mwaka 203, akiwa na umri wa miaka 22 hivi na mtoto mchanga wa kunyonya. Aliacha maandishi yake ya gerezani, na katika kurasa za mwanzo anakiri waziwazi kwamba aliogopa: giza la mle ndani lilimtisha, joto, msongamano, wasiwasi juu ya mtoto wake. Aliporuhusiwa kukaa na mtoto, anasema, gereza likawa kwake kama jumba la kifalme. Kuokoka hakukumfanya asahau kwamba ni mama. Siku ya mwisho, kijana aliyetumwa kumwua alipotetemeka mkono, Perpetua mwenyewe aliuelekeza upanga kooni pake.

Pamoja naye alikuwapo Felisita, mjakazi, aliyejifungua gerezani siku chache kabla ya kuuawa. Alipokuwa analia kwa uchungu wa kuzaa, mmoja wa watumishi wa gereza alimkebehi: ikiwa unalia hivi sasa, utafanyaje mbele ya wanyama wakali? Akajibu kwamba sasa anateseka mwenyewe, ila huko atakuwapo mwingine ndani yake atakayeteseka kwa ajili yake.

Alilia, na alikuwa huru. Hakuona haja ya kulificha la kwanza ili alithibitishe la pili.

## Shaka yangu kubwa

Felisita ananipa taabu hata hivyo. Alikuwa mtumwa, na uhuru wake ulikuwa wa rohoni. Hadithi za namna hiyo zimewahi kutumiwa kwa ubaya mkubwa.

Mwezi Septemba 1667, baraza la Virginia, koloni la Waingereza huko Amerika, lilipitisha sheria iliyosema kwamba kubatizwa hakubadilishi hali ya mtu kuhusu utumwa wake au uhuru wake. Ilikuwa imeulizwa kama mtumwa aliyebatizwa anaweza kuendelea kumilikiwa, na wenye watumwa walihofia jibu. Sheria inaeleza hata kusudi lake: wamiliki, wakiisha kuwekwa huru na shaka hiyo, wajibidiishe zaidi kueneza Ukristo.

Lisome tena polepole. Katika sheria ile kuna mtu anayewekwa huru, naye ni bwana. Anawekwa huru na shaka.

Mwaka 1807 ikachapishwa London Biblia ya kuwafundishia watumwa wa visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Uingereza. Ilichagua sehemu na kuacha sehemu; habari ya Waisraeli kutoka Misri haikuchaguliwa. Waliofanya hivyo walijua wanachokiogopa. Ukimpa mtumwa kitabu cha Kutoka, hataridhika kuambiwa kwamba Farao ni mfano tu wa dhambi.

Kwa hiyo nauliza bila kuficha: je, "uhuru wa kiroho" ni jina la heshima tunalowapa watu ili wavumilie minyororo ya kweli?

Unaweza kuwa hivyo. Umewahi kuwa hivyo. Lakini tazama kilichoisukuma sheria ya 1667: watu waliobatizwa na kusamehewa, wanaojua Warumi 8, wakitetemeka kwa kuogopa hasara. Waliokuwa watumwa wa hofu ni wale walioandika sheria. Na ili kuiandika ilibidi waipite barua fupi ya Paulo kwa Filemoni, anaporudishiwa mtumwa wake Onesimo "si kama mtumwa, bali zaidi ya mtumwa, ndugu mpendwa." Paulo, akiwa kana kwamba anaona mwanya ambao Filemoni angeupitia, anaongeza: "katika mwili na katika Bwana pia."

Katika mwili pia. Maneno hayo matatu yangetosha kuizuia Virginia, kama Virginia ingetaka kuzuiwa.

## Bwana mwingine

Kuna aina nyingine ya uhuru ambayo siku hizi imetuvutia zaidi: ule wa kutokuwa chini ya mtu yeyote. Warumi 6 haina habari nao. Paulo anasema mlipokuwa watumwa wa dhambi "mlikuwa huru mbali na haki," na kejeli yake ni kali, maana uhuru wa namna hiyo upo kweli. Haki haikuwa na mamlaka juu yenu. Mkafaidi nini?

Katika Paulo hakuna mahali ambapo mtu anasimama bila bwana. Unatoka kwa mmoja unakwenda kwa mwingine. Martin Luther, mwanamageuzi wa Kiprotestanti, alipoandika juu ya uhuru wa Mkristo mwaka 1520, aliweka kauli mbili bega kwa bega: Mkristo ni bwana huru wa vitu vyote, hayuko chini ya yeyote, na Mkristo ni mtumishi wa wote, yuko chini ya kila mtu. Kwa miaka mingi niliona ni mchezo wa maneno. Sasa naona kauli ya pili haiwezekani bila ya kwanza. Mtu anayeogopa kupungukiwa hawezi kuwatumikia watu, atawatumia.

Agostino, yule askofu na mwalimu wa Kanisa la kale, alikwenda mbali zaidi. Adamu, alisema, alikuwa na uwezo wa kutotenda dhambi. Watakatifu katika utukufu watakuwa na uhuru mkubwa kuliko huo, nao ni kutoweza kutenda dhambi kabisa. Wengi hushtuka: usipoweza kuchagua mabaya, umebaki huru vipi? Jibu ni Mungu mwenyewe. Hawezi kutenda dhambi, na hakuna aliye huru kuliko yeye.

## Mimi wa sura ya 7

Tarehe 24 Mei 1738 John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alikwenda, bila hamu, kwenye mkutano jijini London. Akaandika kwamba moyo wake ulipata joto la ajabu, na akapewa hakika kuwa Kristo amemwondolea dhambi na kumwokoa na sheria ya dhambi na mauti. Ni Warumi 8:2 hiyo. Habari hiyo imehubiriwa hata imechakaa.

Kisichohubiriwa ni kile alichoandika Januari 1739, miezi michache tu baadaye: rafiki zake wanasema ana wazimu kwa kudai kwamba mwaka uliopita hakuwa Mkristo, naye anasema hata sasa si Mkristo.

Nampenda zaidi kwa Januari ile. Ni sauti ya Warumi 7: "lile jema nilipendalo, silitendi." Wataalamu hawakubaliani kama anayelia katika sura hiyo ni mtu aliye chini ya sheria au ni muumini. Agostino alishika la kwanza mwanzoni, akahamia la pili alipopambana na wafuasi wa Pelagio, waliofundisha kwamba mtu anaweza kuepuka dhambi kwa nguvu zake mwenyewe. Mimi naegemea la kwanza, ingawa kila muumini ninayemfahamu huisoma sura hiyo na kujiona mwenyewe, nami sitamnyang'anya.

Ninachokataa ni njia ya mkato. Imeenea tabia ya kumpeleka kila anayeshindwa kwenye maombi ya kufunguliwa, wiki hii kifungo hiki, wiki ijayo kifungo kile, kana kwamba uhuru ni kitu kinachovuja na kujazwa upya. Siwadharau wanaoombewa. Ila kulaumu pepo ni rahisi kuliko kutubu, na kutubu ni rahisi kuliko kukiri kwamba unaogopa.

Paulo anaruhusu muda. Sura ile ile ya 8 inayoanza na "hakuna hukumu" inafika mstari wa 23 ikisema sisi wenye malimbuko ya Roho tunaugua katika nafsi zetu, tukitazamia "ukombozi wa mwili wetu." Mwili bado. Mauti inaitwa adui wa mwisho atakayebatilishwa, na adui hutazamwa kama adui hadi siku hiyo. Kuiogopa kidogo ni kuitambua.

## Antiokia

Niliahidi kukirudia kifo cha jina.

Wagalatia 2. Petro yuko Antiokia, anakula pamoja na waumini wa Mataifa. Wanakuja watu kutoka kwa Yakobo, huyu mwingine, ndugu yake Bwana. Petro anaanza kurudi nyuma na kujitenga mezani, na Paulo anataja sababu bila kumung'unya: aliwaogopa waliotahiriwa.

Kwa jinsi wasomaji wengi wanavyozipanga tarehe, tukio hili lilikuja baada ya lile la gerezani. Yaani mtu aliyelala fofofo kati ya askari wawili, upanga ukimngoja asubuhi, ameshindwa kubaki kwenye kiti chake kwa kuogopa macho ya wageni. Upanga wa Herode haukuweza kumtoa mahali pake, ila kuonekana vibaya mbele ya watu wa kwao kulimtoa. Barnaba naye akachukuliwa.

Nimeshika kichwa mbele ya hadithi hii mara nyingi. Iko karibu nami mno kuliko ya Herode. Sijawahi kutishiwa upanga kwa ajili ya imani. Kuhusu meza, na nani ananiona nimekaa na nani, hapo nina mengi ya kusema na leo sitayasema.

Ila tazama Paulo alivyomtendea. Alimpinga uso kwa uso, mbele ya wote, kwa kuwa dhambi yenyewe ilitendwa mbele ya wote. Hakumwambia hajaokoka. Hakumwambia hofu yake inathibitisha kwamba Roho amemwacha. Alisema hawaendi sawasawa na kweli ya Injili, kisha akaanza kuifafanua Injili hiyo upya, kwa mtume, kana kwamba mtume naye anahitaji kuisikia tena. Sura tatu mbele, katika barua hiyo hiyo: simameni, wala msinaswe "tena" chini ya kongwa la utumwa. Watu huru ndio wanaoonywa kunaswa.

Petro alijibu nini siku ile, Paulo hasemi. Tulichonacho ni mistari miwili mwishoni mwa barua ya pili ya Petro. Anamtaja mtu aliyemwaibisha mbele ya kanisa zima, na anamwita "ndugu yetu mpenzi Paulo," aliyeandika kwa hekima aliyopewa. Kisha anaongeza, na sidhani nimewahi kukubaliana na mtume kwa haraka hivi, kwamba katika nyaraka za huyo ndugu "yamo mambo ambayo ni vigumu kuelewa nayo."